Sikio Kwanza, Chaki Baadaye

Wanafunzi wa shule za msingi za Tanzania wanaposimama mstarini asubuhi, wimbo wa taifa wanaouimba una melodi iliyotungwa na mwalimu wa shule kama wao wanavyowajua walimu: mtu wa chaki na daftari. Enoch Sontonga alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei, akifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alipotunga “Nkosi Sikelel' iAfrika” mwaka 1897. Hakuiandika kwa noti zile zenye vichwa na mikia zinazokaa kwenye mistari mitano. Aliiandika kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta na vistari vya kuonyesha mapigo. Wimbo wa taifa wa Kenya nao haukuzaliwa kwenye piano. Mwaka 1963 kamati ndogo ya wanamuziki, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliujenga juu ya wimbo ambao mama wa Kipokomo, kule mto Tana, humbembelezea mtoto alale.

Nayataja haya mapema kwa sababu ukimwambia mwalimu mkuu yeyote kwamba shule yake ifundishe muziki, swali lake la kwanza ni vyombo vitatoka wapi. Kinanda bei gani, nani atakitunza, umeme ukikatika itakuwaje. Ni swali la haki kwa mtu mwenye madawati pungufu. Lakini linadhani kwamba muziki unaanzia kwenye vyombo, na hapo ndipo tunapopotea. Watoto wetu wanaimba kuanzia mchakamchaka wa asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Wanaimba wakifagia, wakicheza ukuti, wakimpokea mgeni rasmi. Tunaimba sana shuleni, ila kuimba hatukufundishi. Wimbo unatumika kuchangamsha, kunyamazisha, kukaririsha meza za kuzidisha na majina ya mikoa. Ukishamaliza kazi hiyo, unawekwa kando. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa na nyimbo mia kichwani, na hawezi kukuambia kama melodi aliyoisikia sasa hivi imepanda au imeshuka.

Herufi za Sontonga zina historia yake. Karibu miaka elfu moja iliyopita, mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, alikuwa na vijana wa kwaya waliochukua miaka mingi kujifunza nyimbo za kanisa kwa kukariri. Aliwatafutia silabi sita za kushikia sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Silabi hizo zilizunguka Ulaya kwa karne nyingi, zikabadilika hapa na pale, ut ikawa do, ikaongezwa ya saba. Ila aliyezigeuza kuwa chombo cha mtoto mdogo ni mwanamke mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, binti wa kasisi, aliyekuwa akifundisha watoto kuimba. Mwaka 1835 alichapisha kitabu cha mfumo wake. Alichukua herufi ya kwanza ya kila silabi na kuiandika peke yake, na kwa kuwa s ilikwishachukuliwa na so, ile ya saba aliipa t. Jambo la maana zaidi ni kwamba do yake haikufungwa kwenye kitufe kimoja cha piano. Inahama na wimbo. Wimbo ukianzishwa juu, do iko juu. Ukianzishwa chini, do inashuka nao, na zile nyingine zote zinapangika kuifuata. Mtoto hafundishwi urefu wa kila sauti peke yake, anafundishwa ujirani wake na nyingine.

Miaka sita baadaye, mwaka 1841, walimu wa shule za Jumapili waliokutana katika mji wa Hull walimwomba mchungaji kijana, John Curwen, awatafutie njia rahisi ya kufundisha watu wa kawaida kuimba. Curwen mwenyewe muziki ulikuwa ukimpiga chenga. Alikisoma kitabu cha Glover, akaelewa, akaanza kukirekebisha na kukieneza bila kumwuliza mwenyewe kwanza, jambo ambalo bibi yule hakulifurahia. Curwen alikuwa na kipaji ambacho Glover hakuwa nacho, cha kueneza jambo: magazeti, mitihani, vyeti, mikutano. Na herufi zilikuwa na siri moja ya kibiashara. Noti za mistari mitano zilihitaji mchapaji maalumu mwenye vifaa maalumu, wakati d na m kila mchapaji wa barua na matangazo alikuwa nazo. Wamisionari walizibeba hadi Afrika Kusini, Madagaska na visiwa vya Pasifiki, na zikaja pia kwetu. Hadi leo ukiingia katika mazoezi ya kwaya nyingi za Kanda ya Ziwa, Kilimanjaro au magharibi ya Kenya, utazikuta kwenye karatasi zilizotolewa kopi mpaka zikafifia, na mwalimu wa kwaya akiuliza, “Do wapi?”

Lakini tazama mwalimu yule anavyozitumia. Karatasi anayo yeye. Anawaimbia sauti ya kwanza mstari wao, wanamrudia. Anahamia alto, wanamrudia. Kisha teno, kisha besi. Baada ya wiki mbili wimbo umeshikwa na kwaya inapendeza, hakuna ubishi. Ila wanakwaya hawakusoma kitu. Tulichopokea ni nusu ya kazi ya Glover, ile ya kuandika. Nusu nyingine, ya kulifundisha sikio hadi herufi ziimbe zenyewe kichwani, ilibaki njiani.

Nchi iliyoikamata nusu hiyo kwa mikono miwili ni Hungaria. Zoltán Kodály alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Kecskemét. Tangu mwaka 1905 alikuwa akizunguka vijijini kukusanya nyimbo za wakulima, na kazi hiyo baadaye akaifanya bega kwa bega na Béla Bartók. Walibeba mashine ya kurekodia sauti kwenye mitungi ya nta, bibi kizee anaimba nyumbani kwake na nta inachorwa. Kwa hiyo Kodály alijua utajiri uliokuwa vijijini, na alijua pia kwamba mashule ya mjini yalikuwa yakiwafundisha watoto nyimbo hafifu zenye ladha ya kigeni. Mwaka 1927 alikwenda Uingereza kuongoza utungo wake mkubwa, “Psalmus Hungaricus”, na kule akakutana na kwaya za watu wa kawaida waliokuwa wakisoma muziki vizuri. Aliporudi, solfa, yaani mfumo ule wa herufi wa Glover na Curwen, ilikuwa mojawapo ya vitu alivyovifanyia kazi kwa miaka iliyofuata, pamoja na silabi za mapigo zilizotoka Ufaransa.

Huyu alikuwa mtunzi mwenye jina duniani, aliyeweza kuishi kwa kuandikia okestra. Badala yake alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika vijizoezi vya sauti mbili kwa watoto wa miaka saba na minane, vingine vya mistari miwili tu. Kitabu cha mbinu hakuandika. Hiyo aliwaachia wenzake na wanafunzi wake, kina Jenő Ádám. Mwaka 1950 shule ya msingi ya kwanza ya kuimba ilifunguliwa Kecskemét, mji wake wa kuzaliwa, chini ya mwalimu Márta Nemesszeghy. Ilikuwa shule ya kawaida yenye hesabu na sayansi, ila watoto waliimba karibu kila siku ya masomo. Kufikia miaka ya 1960 shule za namna hiyo zilikuwa zaidi ya 100, na wageni kutoka Marekani, Japani na Australia walikuwa wakipanga foleni kuja kuzitazama. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza matumizi ya mfumo huu, katika kuhifadhi muziki wa asili, kwenye orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa utamaduni.

Kiini cha mfumo wenyewe ni chepesi mno hata kinadharaulika. Hakuna mzazi anayemngoja mtoto ajue alfabeti ndipo amsemeshe. Anamsemesha tangu siku ya kwanza, mtoto anaropoka, anaongea, na miaka sita baadaye ndipo anaonyeshwa a na e. Muziki nao ufundishwe hivyo: mtoto aimbe kwanza, acheze, alihisi jambo mwilini, kisha apewe jina lake, na mwisho kabisa alione limeandikwa. Walimu wengi wa muziki, hapa na ng'ambo, wanaanza na ubao. Wanachora mistari mitano, wanaeleza noti nzima na nusu na robo, na watoto wananakili michoro isiyolia.

Sasa tuingie darasani. Darasa la kwanza, watoto 70, hakuna chombo. Mwalimu anaita majina, ila haiti kwa kusema. Anaita kwa sauti mbili tu, moja ya juu na moja chini yake kidogo, zile zile ambazo mtoto hutumia kumwita mwenzake aliye upande wa pili wa uwanja. Kwa solfa ni so na mi. “Re-he-ma”: so, so, mi. Rehema anajibu kwa sauti hizo hizo: “Ni-po.” Kiswahili kinasaidia hapa kwa sababu mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo karibu kila jina linakubali kushukia kwenye silabi ya mwisho bila kulazimishwa. Daftari la mahudhurio limejazwa, na kila mtoto ameimba peke yake kwa sekunde mbili bila kuogopa. Mwalimu amewasikia wote: nani ameishika, nani ameiimba chini, nani amenong'ona.

Kisha wimbo wa mchezo wanaoujua tangu nyumbani. Mara ya kwanza wanauimba wakitembea, mguu ukikanyaga kila pigo. Mara ya pili wamesimama, wanapiga makofi kufuata maneno. Ni vitu viwili tofauti, mguu unakwenda sawasawa na mikono inacheza juu yake, na ni lazima mtoto avitenganishe mwilini kabla hujamtajia neno mdundo. Halafu unakuja mchezo ambao kwangu ndio roho ya mfumo wote. Mwalimu anainua mkono, na mkono ukifunga ngumi, wimbo “unajificha”: midomo inafumba, lakini kila mtoto anaendelea kuuimba moyoni. Miguu inaendelea kukanyaga kimyakimya. Ngumi ikifunguka, sauti zinatoka tena, pale pale wimbo ulipofika. Siku za mwanzo ni vurugu, nusu ya darasa wako mbele na nusu nyuma, na vicheko. Baada ya muda watoto 70 wananyamaza kwa mstari mzima na kutokea pamoja kwenye silabi moja, kwa sauti ile ile. Mtoto anayeweza hivyo ana muziki ndani yake. Kusoma noti ni kufanya jambo hilo hilo kwa macho: kusikia kitu ambacho hakijaimbwa.

Hapo mikono inaingia. Ishara za mkono ni kazi ya Curwen, za mwaka 1870 hivi, na Wahungaria walizirekebisha kidogo. Do ni ngumi iliyofungwa, usawa wa kiuno. Re ni kiganja kilichoinuliwa mshazari kama mlima. Mi, kiganja bapa kinachotazama chini. Fa, kidole gumba kinaelekea chini. So, kiganja kimesimama wima kikimtazama mwimbaji. La, mkono unaning'inia kutoka kwenye kifundo. Ti, kidole cha shahada kinaelekea juu. Na do ya juu ni ngumi tena, usawa wa paji la uso. Mkono unapanda sauti inapopanda. Wapenzi wa sinema za zamani waliwahi kuziona ishara hizi katika filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1977, “Close Encounters of the Third Kind”, zikitumika kusalimiana na viumbe wa anga za mbali. Darasa la kwanza huzitumia kwa kazi ngumu zaidi, ya kumfanya mtoto mwenye haya aimbe mi bila kuteremka.

Chaki inakuja mwisho. Na ikija, inaandika herufi mbili tu, s na m, kubwa. Wiki nyingi baadaye inaongezwa l, kisha d na r. Fa na ti zinasubiri, kwa kuwa ndizo zenye hatua zile fupi za nusu ambazo sikio changa hupata shida kuzipima. Sauti tano zinatosha kwa muda mrefu. Na kwetu sauti tano si umaskini wa kuvumilia: nyimbo nyingi za eneo hili zimejengwa juu ya sauti tano, na Wagogo wa Dodoma, watu wa mwanamuziki Hukwe Zawose, wamejulikana dunia nzima kwa namna wanavyozisuka.

Hapa ndipo lazima tuwe na adabu na akili pamoja. Hatuwezi kuagiza mfumo wa Kecskemét ukiwa umefungashwa. Kodály alipanga hatua zake kutokana na nyimbo za Kihungaria, na Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, kwa hiyo nyimbo zake huanza kwa pigo zito. Kiswahili kina viambishi mbele: a-na-, tu-li-, wa-ta-. Silabi nyepesi hutangulia na zito hufuata, na nyimbo zetu nyingi huingia kabla ya pigo. Mwalimu anayefuata kitabu cha kigeni ataambiwa hilo ni somo la miaka ya baadaye, wakati watoto wake walianza nalo wakiwa na miaka mitatu. Silabi moja kwa pigo moja, ambayo vitabu hivyo huifundisha kwa maneno mafupi ya silabi moja, kwetu ni shida kuipatia mfano, kwa sababu maneno yetu karibu yote yana silabi mbili na kuendelea. Kwenye mdundo ndiyo kabisa. Mtoto aliyekulia ngomani, anayepiga makofi matatu dhidi ya mapigo mawili bila kujua kwamba ni jambo la kustaajabisha, hapaswi kukaa mwaka mzima akijifunza moja, mbili, moja, mbili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya darasani. Ni ile ya Kodály na Bartók: kukusanya. Kila shule ina hazina mlangoni pake, nyimbo za kuruka kamba, za kuhesabiana nani awe wa kutafuta kwenye mchezo wa kujificha, za kubembeleza, za kutwanga. Mwalimu akirekodi kwa simu nyimbo 30 za watoto wake mwenyewe, kisha akazipanga kuanzia zenye sauti mbili na tatu hadi zenye tano na zaidi, amepata kitabu cha kiada ambacho hakuna mchapaji angeweza kumwandikia. Tena atakuta jambo ambalo shule za Hungaria zingelionea wivu: nyimbo nyingi zina mwimbishaji na wapokeaji. Mchakamchaka wenyewe ndivyo ulivyo. Mtoto mmoja mbele anaanzisha, mara nyingi anatunga maneno papo hapo na kumtania mwalimu wa zamu, na wengine mia wanapokea kwa mapigo ya miguu. Hapo pana somo la muziki tayari, limekosa mwalimu wa kulitambua tu.

Pana tabia moja inayonikera, nayo ni ile amri ya “Imbeni kwa nguvu!” Watoto wanatii, mishipa ya shingo inasimama, na kinachotoka ni kelele. Sauti ya mtoto wa miaka sita au saba ni ndogo, na hukaa vizuri katika eneo la noti tano au sita tu, kuanzia karibu na noti D iliyo juu ya C ya katikati ya piano. Mwalimu mwanamume mwenye besi akianzisha wimbo pale panapomfaa yeye, watoto wengine humfuata chini, wakanguruma, na wengine wakaishia kusema maneno. Kisha tunaambizana kwamba fulani “hana sauti”. Mtoto asiyeweza kabisa kutofautisha sauti yupo, lakini ni nadra sana. Wengi wa wanaoambiwa hivyo walianzishiwa wimbo mahali pabaya, au hawajapewa muda, kwani wengi wa umri huo bado hawajamudu kuilenga sauti sawasawa. Dawa ni ndogo: mwalimu mwenye sauti nzito aanzishe kwa sauti yake nyembamba ya kichwani, au amwache mtoto mmoja mwenye sauti safi awaanzishie wenzake.

Mashindano nayo yana pande mbili. Tamasha la muziki la shule za Kenya limewafanya walimu watafute ngoma na nyimbo za asili na kuzileta jukwaani, na hilo ni jema. Lakini shule ikifundisha kwa ajili ya kikombe, inachagua wanaojua tayari na kuwaacha wasiojua wakawe watazamaji. Upande wa Tanzania, muziki haumo katika mtihani wa darasa la saba, na kisichotahiniwa hupokwa kipindi chake na hesabu bila mtu kuulizwa. Katika Pwani na Visiwani wapo pia wazazi wenye mashaka ya dini juu ya muziki. Mashaka hayo mara nyingi yanahusu vyombo na maneno ya nyimbo. Kasida yenye dufu wanaisikiliza. Na mtoto aliyepitia chuo cha Qur'ani amelifundisha sikio lake nidhamu kubwa. Usomaji wa Qur'ani si wimbo na usiitwe wimbo, ila uwezo wa kusikiliza kwa makini, kushika na kurudia bila kukosea ni ule ule ambao mwalimu wa kuimba huutafuta.

Dakika kumi kila siku zinafaa kuliko kipindi kizima mara moja kwa wiki, kwa kuwa sikio la mtoto husahau haraka. Dakika hizo zipo: mahudhurio yenyewe, muda wa kufuta ubao, muda wa kungoja uji. Mwalimu asiyejiamini kuimba aanze na s na m, ambazo kila mtu aliyewahi kumwita mtu kwa mbali anazo.

Mwisho wa darasa la tatu, mtu akitaka kujua kama kazi imefanyika, asiombe kuimbiwa wimbo wa kumkaribisha mgeni. Aandike ubaoni herufi nane za melodi ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuisikia, aimbe do mara moja, kisha anyamaze, na asiwasaidie hata kwa kutikisa kichwa. Darasa likiziimba, akaandike nyingine. Likishindwa, arudi kwenye s na m.